Mizani ya Seli Isifichwe



Mtaalamu wa elimu ya viumbe anapochungulia hadubini, kazi yake haiishii katika kuona. Hana budi ahesabu pia. Seli ni ngapi? Ukubwa wake ni upi? Zilizobadilika ni kiasi gani? Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilitegemea jicho na kalamu. Na jicho likichoka, hesabu nayo hupotoka.

Mwaka 1987 Wayne Rasband, mtumishi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alianza kutengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa NIH Image. Mwaka 1997 ikafuatiwa na ImageJ. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya mtumishi wa umma, ImageJ haikuuzwa. Ilitolewa kwa kila mtu, pamoja na maandishi yote yanayoiendesha.

Utendaji wake hauna uchawi. Picha ni mkusanyiko wa nukta, na katika picha ya kawaida ya kijivu kila nukta ina namba ya mwangaza, kuanzia 0 hadi 255. Mtaalamu huweka mpaka: nukta zilizouvuka huchukuliwa kuwa seli, zilizobaki huachwa. Seli zilizogusana hutenganishwa, kisha kila moja hupimwa. Hatua hizo zikiisha kuandikwa kwa utaratibu, kompyuta huzirudia yenyewe juu ya mamia ya picha. CellProfiler, programu nyingine huria iliyotolewa Marekani mwaka 2005, ilijengwa hasa kwa ajili ya wingi huo wa picha.

Lakini liko jambo la kuzingatia. Mashine haijui seli, inajua namba. Mpaka ukiwekwa vibaya, uchafu wa kioo huhesabiwa kuwa seli, na kosa moja hurudiwa katika kila picha bila mashine kushtuka. Kwa hiyo faida ya programu huria haiko katika kupatikana bure peke yake. Mtafiti mwingine, popote alipo, aweza kuchukua picha zilezile, akafuata hatua zilezile, na kukagua kila mpaka uliowekwa. Programu iliyofungwa humtaka aamini tu.

Basi, anayetangaza hesabu yake na atoe pia picha alizozipima na hatua alizozifuata. Muuza sukari huweka mizani mbele ya mnunuzi. Sayansi inayohudumia afya ya watu haina sababu ya kuficha yake chini ya meza.