Mlango wa Motokaa Usiotii

Mlio mbali na redio sogeeni karibu, na kila mtu afungue daftari lake.

Leo tunalo swali kutoka Singe, mjini Babati. Bwana mmoja wa darasa la jioni ana motokaa ndogo ya kuchukulia abiria. Vitasa vyake ni vya umeme: dereva akibonyeza mahali pamoja, milango yote minne hufungwa au hufunguliwa. Lakini mlango wa nyuma wa kushoto umekuwa mkaidi. Dereva akibonyeza, mitatu yaitika, wa nne wabaki umefungwa. Fundi amemwambia anunue mota nne mpya. Naye auliza, je, ni lazima?

Kwanza fikirini hatari yake. Katika nchi yetu twaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa kushoto ndio wa kuteremkia pembeni mwa barabara. Ukikataa kufunguka, mama mwenye mtoto mgongoni hushukia kulia, mbele ya malori yaendayo Arusha na Dodoma. Jambo hili basi si la fedha tu.

Tuiulize motokaa yenyewe. Je, ni mlango mmoja ulionyamaza, au yote?

Ikiwa ni yote, usikimbilie mota, maana ni shida mota nne kufa siku moja. Bonyeza swichi iliyo katika mlango wa dereva. Swichi ikifanya kazi na rimoti ikakataa, tazama betri ya rimoti. Ni duara kama sarafu, na nyingi huandikwa CR2032. Hiyo 20 ni upana wake, milimita 20. Hiyo 32 ni unene wake, milimita 3.2. Muuzaji akikupa CR2016, amekupa yenye unene nusu, nayo italegea. Wasiosoma huuziwa hivyo kila siku.

Ikiwa swichi nayo imenyamaza, fungua kisanduku cha fyuzi. Mfuniko wake una maandishi. Katika Toyota nyingi tafuta neno DOOR, yaani mlango kwa Kiingereza. Chomoa fyuzi hiyo, uitazame kwenye mwanga. Ikiwa uzi wa ndani umekatika, fyuzi imeungua. Weka nyingine ya namba ileile: ya ampea 20 ni ya njano, ya 25 ni nyeupe ipitishayo mwanga, ya 30 ni ya kijani. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya mahali pake. Nimewaona madereva wakifanya hivyo na kujisifu. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili nyaya zisiungue. Ukiizuia isife, nyaya zitashika moto ndani ya motokaa, na abiria wamo. Na fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna waya uliochubuka unaogusa bati. Utafute huo kwanza.

Sasa turudi kwa mlango mmoja wa Singe.

Katika ukingo wa mlango wa nyuma, karibu na kitasa, kuna kishikizo kidogo cha kuwazuia watoto wasifungue. Kikisukumwa, mlango haufunguki kwa ndani, ila kwa nje hufunguka. Hata mtu aliyekuwa akiosha motokaa aweza kukisukuma bila kujua. Kitazame kabla ya kumwita fundi.

Kama sicho, weka sikio kwenye mlango, mwenzako abonyeze swichi. Ukisikia mlio mfupi wa mota, umeme unafika. Pengine kitasa kimekauka, maana vumbi la barabara zetu huingia humo likagandamana na grisi ya zamani. Kisafishe, ukitie grisi mpya. Mota iliyochoka nayo hulia bila kuwa na nguvu ya kusukuma.

Usiposikia kitu, nenda kwenye bawaba. Kati ya mlango na mwili wa motokaa kuna mpira wenye mikunjo, na nyaya hupita ndani yake. Mlango wa teksi hufunguliwa mara nyingi sana kwa siku, na kila mara nyaya hizo hukunjwa na kunyoshwa, mpaka shaba hukatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje waya waonekana mzima! Utikise mpira huo polepole huku mwenzako akibonyeza. Mlango ukiitika mara moja kisha ukanyamaza, umeupata ugonjwa.

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Vuta mpira nyuma, kata mahali palipoharibika, unga kipande kirefu kidogo ili kisikazwe mlango ukifunguliwa. Kilehemu, kifunike vizuri, kisha urudishe mpira mahali pake maji yasiingie. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzifunga tepu ni kazi ya wiki mbili tu.

Nyaya zikiwa nzima, ndipo uvue kava la mlango uifikie mota. Nyingi zina nyaya mbili za nguvu: umeme ukipita huku, mota husukuma, ukigeuzwa, huvuta. Chomoa plagi yake, shika taa ndogo ya volti 12 kati ya nyaya hizo mbili, mwenzako abonyeze. Taa ikimulika kidogo, umeme umefika, na mota ndiyo mbovu. Isipomulika, umeme haufiki kwenye mota.

Basi bwana wa Singe asinunue nne. Ikibidi, anunue moja, ya nyuma kushoto, na aende dukani na ile ya zamani mkononi, maana ya kulia mara nyingi haiingii kushoto.

Kabla ya kipindi kijacho, ombeni ruhusa kwa mwenye motokaa, mnakili maneno matano ya mfuniko wa fyuzi pamoja na namba zake. Na bwana wa Singe atuandikie alichokikuta ndani ya mpira ule.