Rangi Haikuleta Ugonjwa

Tukikata kipande chembamba sana cha jani la chai na kukitazama kwa hadubini, twaona ndani ya seli vijipunje vya kijani. Hivyo vimeumbwa na rangi yao. Lakini kiini cha seli hakina rangi. Ni kama maji ndani ya maji, na jicho hukipita bila kukiona.

Ndivyo kilivyo kijidudu cha malaria. Kikiwa kichanga ndani ya chembe nyekundu ya damu, hakionekani kwa urahisi. Kwa hiyo mpimaji hupaka tone la damu juu ya kioo, hulikausha, kisha hulitia rangi ya Giemsa, iitwayo kwa jina la Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1904. Ndipo kiini cha kijidudu huwa chekundu, na sehemu inayokizunguka huwa ya buluu. Rangi haikuleta ugonjwa. Imeonyesha tu uliokuwamo.

Sisi wa Kericho na Bomet twapenda kusema kwamba baridi yetu hufukuza mbu. Lakini katika miaka ya 1990 malaria ilizuka tena na tena katika mashamba ya chai, na miili isiyoizoea iliumia sana. Basi mtoto akishikwa na homa, tusikisie. Tumpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo.

Nasi tukionyeshwa lililofichika ndani yetu, ndugu, tusiichukie rangi. Matibabu huanzia hapo.