Okoa Maji, Usiache Kunawa Mikono

Leo tunazungumza kuhusu kuhifadhi maji nyumbani na kwenye bustani ya mboga.

Kiangazi kikifika, mtungi wa lita 20 huwa ni mali. Umeubeba kutoka mbali, au umeununua. Kila mtu nyumbani anaanza kubana matumizi, na mara nyingi jambo la kwanza kuachwa ni kunawa mikono. Mtoto anatoka chooni na kwenda moja kwa moja kwenye sahani. Baada ya muda mfupi anahara. Mama, kuhara hukausha mwili wa mtoto upesi, na ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5. Kwa hivyo okoa maji kwingine, lakini usipunguze ya kunywa wala ya kunawa.

Kunawa hakuhitaji maji mengi. Chukua mtungi wa lita 5, toboa tundu dogo karibu na kitako, kisha uzibe kwa kijiti. Utundike karibu na choo, pamoja na sabuni. Ukichomoa kijiti maji yanachirizika, ukikirudisha yanakoma. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, ukimaliza kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

Pili, tumia maji mara mbili. Maji uliyooshea mboga au kusuuzia nguo yapeleke kwenye sukuma wiki na kunde siku hiyo hiyo, yasilale. Yamwage kwenye udongo karibu na shina, si juu ya majani. Lakini maji ya nepi, au yenye dawa ya madoa, yasifike kwenye mboga. Na mboga zenyewe zioshe kwa maji safi kabla ya kupika.

Tatu, linda unyevu wa udongo. Mwagilia jioni au asubuhi na mapema, jua likiwa halijawa kali. Funika udongo kwa nyasi kavu. Kama huna shamba, panda mboga kwenye gunia la udongo na samadi, lenye mawe katikati ya kupitisha maji hadi chini.

Nne, kinga maji ya mvua. Paa la mabati la mita 5 kwa 4, mvua ikinyesha milimita 10, laweza kukupa karibu lita 200. Hiyo ni mitungi 10 ambayo hukubeba mgongoni! Acha mvua ya kwanza ioshe paa, ndipo ukinge. Funika pipa vizuri ili mbu wasizaliane humo. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini kama ilivyoelezwa kwenye chupa, kisha uyaweke kwenye chombo chenye kifuniko.

Na mtoto akihara, usimnyime maji. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, na umpeleke kliniki mapema.

Haba na haba hujaza kibaba. Leo, kabla ya chakula cha jioni, tundika mtungi wa kunawia.