Kabla ya Kununua Pikipiki Iliyofanyiwa Mabadiliko
Maelezo yaliyotolewa kwa wanunuzi wa Mpanda

Nimekuja kwa jambo moja tu: pikipiki iliyokwisha kutumika, ambayo mwenye nayo aliifanyia mabadiliko, na namna ya kuikagua kabla fedha haijatoka mkononi mwako.

Katika Mkoa wetu wa Katavi pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayomfikisha mama mjamzito kituo cha afya usiku wa manane. Ndiyo inayotoa mpunga shambani Mpimbwe, na ndiyo inayompeleka mchimbaji mdogo machimboni na vifaa vyake. Ukiiacha lami ukashika njia ya Mwese au ya Mishamo wakati wa masika, utaelewa kwa nini watu hawaridhiki na pikipiki kama ilivyotoka kiwandani. Huirefusha keria, huongeza vyuma chini ya kiti, huweka shokapu ngumu zaidi, hubadilisha sproketi, na wengine huondoa injini nzima na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi. Mimi sitawaambia kwamba kufanya hivyo ni kosa kila wakati. Yako mabadiliko yaliyofanywa na mafundi hodari ambayo yamewapa watu riziki kwa miaka.

Shida ni kwamba pikipiki ya namna hii haina kitabu. Ile ya kiwandani, fundi yeyote anajua inavyopaswa kuwa: mnyororo wa aina gani, mafuta kiasi gani, mzigo kiasi gani. Iliyobadilishwa, habari zake zimo kichwani mwa mtu mmoja, naye ndiye anayetaka fedha zako.

Kijana mmoja alitufikia na malalamiko ambayo sijayasahau. Alikuwa amekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, akaongeza fedha za mbuzi wa mama yake, akanunua pikipiki yenye keria ndefu na vyuma vya kuongezea nyuma. Ilionekana imara kuliko nyingine zote kijiweni. Hata mwezi haukuisha, chasisi ilikatika chini ya kiti akiwa na abiria. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na kifo. Fundi alipofunua kiti aliona mpasuko wa zamani, uliochomelewa kwa juu juu, ukapakwa rangi, ukafunikwa kwa kava jipya la kiti. Vile vyuma tulivyovidhania nguvu vilikuwa bandeji. Kijana alipomrudia muuzaji alijibiwa neno moja: "Ulikuja na fundi wako, mkaikagua." Na kweli alikuwa na fundi. Fundi aliiwasha injini, akaisikiliza, akasema iko vizuri, akalipwa soda.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, kwa sababu sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humwekea muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo wajibu wa kuuza kitu chenye ubora unaofaa kuuzika. Lakini mnunuzi akiwa amekikagua kitu, ulinzi huo haufiki kwenye kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzibaini. Tena, kama aliyekuuzia ni jirani tu anayeuza pikipiki yake, wala si mfanyabiashara, ulinzi huo wa ubora ni mdogo zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa nusu una hatari yake: unakupa imani usiyostahili kuwa nayo, kisha unampa muuzaji jibu. Ukiamua kukagua, kagua hasa.

Anza na maswali kabla ya kugusa kitu. Kilibadilishwa nini? Nani alifanya kazi hiyo, na yuko wapi? Ilikuwa ikifanya kazi gani? Muuzaji mkweli atakutajia hata gereji. Swali la kazi ndilo ambalo wanunuzi hulisahau, nami nitakaa nalo kidogo.

Chukueni mfano wa sproketi. Tuseme pikipiki ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Hapo sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akipandisha magunia milimani, akafunga ya nyuma yenye meno 48. Sasa pikipiki inavuta vizuri sana kwenye mlima, lakini kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi kwa takribani asilimia 14. Kwa mzigo mzito na mwendo wa pole hakuna ubaya. Wewe ukiinunua ili kubeba abiria kwenye lami kutwa nzima, utashangaa inalia mno, inakula petroli, na injini inachoka mapema. Hakuna aliyekudanganya na hakuna kilichoharibika. Umenunua chombo kilichotengenezwa kwa kazi ya mtu mwingine. Basi mwambie fundi wako ahesabu meno, mbele na nyuma, na alinganishe na yale ya kiwandani kwa aina hiyo. Ni kazi ya dakika chache.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki aiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse kwa tahadhari. Ukiikuta ina joto, subiri ipoe, au rudi kesho alfajiri. Injini iliyochoka hujificha ikiwa na joto na hujifunua wakati wa kuwashwa asubuhi. Tazama moshi. Moshi wa kibuluu maana yake injini inaunguza oili, na mara nyingi kisa ni ringi au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli kuzidi. Chungulieni pia oili yenyewe: ikiwa nzito kupita kawaida, uliza sababu, kwa kuwa wako wanaoweka oili nzito ili kelele na moshi vipungue kwa siku chache za kuuza. Ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Ukiambiwa kwamba silinda imechongwa upya, uliza pistoni iliyomo ni ya kipimo gani. Pistoni za kuongezea ukubwa huuzwa kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Aliye kwenye 0.25 bado ana nafasi ya kuchonga tena. Aliye kwenye 1.00 kwa kawaida amefika mwisho, na safari ijayo utanunua bloku mpya. Tofauti hiyo ni fedha halisi, nawe una haki ya kuitaja mnapoelewana bei.

Kuhusu chasisi, ombeni kiti kifunguliwe. Narudia: kiti kifunguliwe. Muuzaji atasema ni usumbufu. Usumbufu wa boliti mbili haulingani na uliompata yule kijana. Angalieni kila mahali palipochomelewa, hasa shingoni pa usukani, chini ya kiti, na pale keria na shokapu za nyuma zinaposhikia. Rangi mpya sehemu moja tu ya chombo cha zamani inastahili kukwanguliwa kidogo kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha mfunge uzi nyuma ya gurudumu la nyuma na kuuvuta hadi la mbele, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya uzi na gurudumu la mbele zisipolingana pande zote mbili, magurudumu hayafuatani, na huenda chombo kilipinda kwa ajali au kwa mzigo. Inueni gurudumu la nyuma na kulitikisa kushoto na kulia. Inueni la mbele na kugeuza usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, bearingi za shingo zimekwisha. Gongeni spoku moja moja kwa spana: iliyolegea haitoi mlio kama wenzake.

Breki, taa na nyaya za umeme nazitaja kwa kifupi tu, kwa kuwa mafundi wetu huziangalia vyema. Ila mfungue kisanduku cha fyuzi. Nimeona fyuzi zilizobadilishwa kwa kipande cha waya, na huo ni mwaliko wa moto karibu na tangi la petroli.

Sasa jaribio la njia. Watu hujaribu pikipiki tupu, kwenye lami, kisha huinunua kwa ajili ya magunia mawili na barabara ya vumbi. Jaribuni kwa mzigo unaofanana na wa kazi yenu, kwenye njia inayofanana na yenu, mwende hata nusu saa hadi injini ipate joto kamili. Fedha ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini; mwenye fedha mfukoni huwa hasikii kelele za injini.

Nyaraka zina uzito uleule. Namba ya chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi, kisha zilinganishwe na kadi ya usajili. Injini ikiwa imebadilishwa, namba haitafanana na kadi, na mtasikia maneno "hiyo ni kawaida tu." Usikubali. Mwenyewe aonyeshe injini ile aliipata wapi, na kumbukumbu za usajili zirekebishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla wewe hujalipa. Vinginevyo siku injini ile itakapodhihirika kuwa ya wizi, itakutwa kwako. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya haina mjadala, ondoka. Jina la kwenye kadi likiwa si la muuzaji, mtafute mwenye jina. Na kwa kuwa vijana wengi huendesha pikipiki za mkataba, wakipeleka hesabu kila siku hadi chombo kiwe chao, ulizeni kama mkataba umekwisha na kadi iko mkononi mwa nani. Asiyemaliza mkataba anauza mali ya mwingine.

Mkishaelewana, andikeni. Karatasi itaje namba zote mbili, bei, tarehe, mashahidi, na orodha ya mabadiliko yote ambayo muuzaji amekutajia kwa mdomo. Andika pia kazi unayoinunulia. Kwa muuzaji aliye katika biashara hiyo, kumweleza kazi yenyewe na kutegemea ujuzi wake kunaweza kumfunga kwamba chombo kifae kwa kazi hiyo. Na mfanyabiashara aliyekupotosha anaweza kushitakiwa kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lakini malalamiko yasiyo na maandishi ni magumu kuyasimamia, hata pale tunapoamini kwamba mlalamikaji anasema kweli. Baada ya hapo uhamisho wa umiliki usicheleweshwe.

Kabla sijaketi, nimeletewa karatasi yenye swali zuri: fundi wa kukagua alipwe na nani? Alipwe nawe, mnunuzi, malipo mliyopatana kabla ya kwenda, na ayapate yote hata ukiiacha pikipiki ile. Fundi anayelipwa endapo tu umenunua ana sababu ya kutaka ununue. Muulize pia, mbele ya muuzaji, kama ndiye aliyewahi kuitengeneza. Ikiwa ndiye, msikilize kama shahidi wa yaliyofanyika, kisha tafuta fundi mwingine wa kukagua. Naye aandike alichokiona, aweke jina na tarehe, na nakala ubaki nayo wewe.