Mtoto wa SS naye aone Wagenia
Maneno yaliyosemwa kwa wamama siku ya kilo, Yahuma

Mketi vizuri. Wenye watoto mgongoni wawafungue kidogo wapate hewa. Leo sitasema juu ya uji wala juu ya chanjo. Nataka kusema juu ya matembezi.

Wakati masomo yanapofungwa, jamaa nyingine za hapa hupeleka watoto Kisangani kuona ndugu. Na mtoto akifika Kisangani anataka kuona kitu kimoja mbele ya vyote: Wagenia. Amesikia kwa wenzake namna wavuvi wanavyosimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali, wakaifunga kwa kamba za pori na kutundika vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana. Maji yanasukuma samaki, nao wanaingia humo. Hata mtu mzima anafurahi kuona.

Lakini kuna mtoto ambaye mara nyingi anaachwa nyumbani. Ni mtoto wa SS. Mama anasema, "Huyu abakie na koko yake, miye naogopa." Ama anapelekwa pamoja na wengine lakini mama ananyamaza, hamwambii mtu, na mtoto anakimbizwa kama wenzake. Njia zote mbili si nzuri. Mtoto wa SS anaweza kwenda, ikiwa munganga amemwona na hana homa wala maumivu siku zile. Lakini ugonjwa wake usemwe kabla ya safari, maana hauonekani kwa macho.

Hapo ndipo penye shida. Mtu aliyekatika mguu, kila mtu anamwona na kumpa fasi ya kukaa. Mtoto wa SS yuko na miguu miwili, anacheka, anakula. Kumbe ndani ya damu yake chembe nyekundu, ambazo kwa watu wengine ni mviringo na laini, zinapindika kama kisu cha mavuno. Zinakwama katika mishipa midogo, damu haipiti, na fasi hiyo inauma sana. Asubuhi anacheza, mangaribi analia mifupa. Watu wanasema, "Huyu mutoto iko muvivu tu, anajifanya." Wengine wanasema amelogwa. Si uvivu, wala si uchawi.

Tena haukutoka kwa ukoo wa mama peke yake. Mtoto anakuwa SS kwa sababu baba na mama wote wawili wamempa. Kisangani karibu mtu mmoja katika watu wanne au watano anabeba nusu yake, ndiyo AS, na yeye mwenyewe haugui. Baba anayemfukuza bibi yake juu ya mtoto wa SS, anamfukuza juu ya damu yake mwenyewe pia. Mkawaambie hivyo mkifika nyumbani.

Turudi kwa safari. Ni ndefu, mnaijua: njia ya pori kwa piki-piki ama kinga, kisha mtumbwi wa mashini kupanda mto toka Isangi, kupita Yangambi, mpaka Kisangani. Wamama wengine wanamnyima mtoto maji ili asisumbue watu kwa kukojoa. Hili ni kosa kubwa. Figo za mtoto wa SS hazishiki maji vizuri, kwa hiyo anakojoa sana, hata kitandani akiwa na miaka 8 ama 10, na wengi wanapigwa bure juu ya hiyo. Asipokunywa, damu inazidi kukwama. Chukua bidoni ya maji yaliyochemshwa, umpe kidogo kidogo njiani hata kama haombi. Chukua na kopo la kukojolea ndani ya mtumbwi. Kopo si haya.

Baridi nayo ni adui. Mvua ikiwapiga mtoni, mvue nguo za maji mara moja, umvike kavu. Kwa hiyo nguo kavu zikae ndani ya mfuko wa plastiki, na chandarua pia, kwani malaria inamwangusha mtoto huyu upesi kuliko wenzake.

Mama mmoja alikwenda na kijana wake wa miaka 9. Ndugu za bwana yake hawakujua ugonjwa, naye aliona haya kuwaambia. Watoto wote wakaingia majini kule Wagenia, na kijana naye akaingia. Nani angemkataza? Usiku akaanza kulia mapaja na mgongo. Watu wa nyumba wakamfunga kitambaa cha maji ya baridi, wakidhani wanasaidia, na siku mbili zikapita kabla hajapelekwa kwa munganga. Mama aliniambia, "Mateso ile yote ilitoka ku haya yangu." Mimi sikumgombeza. Angewaambia wale ndugu neno moja tu, wangemketisha kijana pembeni na kumwekea kitambaa cha moto.

Wako wengine ambao nyonga imeanza kuharibika, maana mfupa wa pale ukikosa damu unakufa. Utaona mtoto anachechemea, ama anasimama mguu mmoja, ama anasema goti linauma kumbe ni nyonga. Huyu asitembezwe mbali. Mlipie kinga, zile wanazoita toleka, hata kama njia ni fupi na watu wanasema, "Mutoto mukubwa vile!" Mpe fimbo. Kule Wagenia mawe yanateleza, asishuke. Tafuta fasi ya kivuli juu ya ukingo, aketi, aone wavuvi wakipanda miti yao. Nendeni asubuhi mbele ya jua kali. Kuona anaona sawa na wengine.

Ulaya nao wana shida hiyo ya ugonjwa usioonekana. Tangu 2016, kule uwanja wa ndege wa Gatwick karibu na London, walianza kuwapa watu wa namna hii ukanda wa kijani wenye maua ya alizeti wauvae shingoni. Mtumishi akiuona anajua mtu huyu anahitaji musaada, bila kumuuliza mengi. Siku hizi ukanda huo unavaliwa nchi nyingi. Sisi hapa tuko na karatasi na kinywa. Mwambie mwenye mtumbwi. Mwambie shangazi ya mtoto, na wale vijana watakaomchunga.

Dawa zake zisibaki nyumbani: asidi foliki, penisilini kama bado anaitumia, paracetamol kwa kipimo alichoandika munganga. Mtoto aliyepewa hidroksiurea, dawa iliyojaribiwa na watoto wa Kinshasa pia na matokeo yakatangazwa miaka ya 2018 na 2019, aendelee nayo kila siku hata safarini.

Akipata homa, usingoje kesho. Akipumua mbio ama kifua kinauma, viganja vikiwa vyeupe, tumbo upande wa kushoto likivimba ghafula, mdomo ukipindika ama mkono ukilegea, mpeleke hospitali iliyo karibu saa ile ile, hata kama ni usiku na mko wageni. Asichanjwe na wembe.

Sasa, wenye watoto wa SS wabakie nami kidogo. Karatasi ziko pale karibu na mizani. Nitaandika jina la mtoto, SS, dawa zake, na maneno haya: apewe maji, asipate baridi, asitembezwe mbali. Mtaitia ndani ya plastiki na kuishonea mfukoni mwake. Wengine waende kupimisha kilo.