Machimbo ya Kokoto: Tupatane Kabla Shimo Halijachimbwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wananchi wa Kalangalala, Geita)



Jambo lililotukutanisha ni machimbo ya kokoto na changarawe karibu na nyumba za watu. Hatukuja kuyalaani. Nyumba hutaka kokoto, na barabara hutaka changarawe. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, likatuondolea taabu ya kungoja kivuko, lilijengwa kwa mawe yaliyotoka katika ardhi. Hakuna mji unaokua bila kokoto.

Lakini sisi watu wa Geita hatuna haja ya kufundishwa shimo ni kitu gani. Dhahabu ilichimbwa hapa tangu siku za ukoloni. Mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Twajua kwamba mchimbaji huondoka, lakini shimo halimfuati. Mvua zikinyesha hujaa maji. Mbu huzaliana humo, konokono wa kichocho hukaa humo, na mtoto aliyekwenda kuogelea huenda asirudi nyumbani. Vumbi la mawe nalo likikaa kifuani miaka mingi, haliponi kwa dawa ya kikohozi.

Basi twasema hivi: wakati wa kuzungumza juu ya kufukia shimo si siku mchimbaji anapofunga mizigo yake. Siku hiyo hana haja nasi tena. Wakati wake ni kabla ya sururu ya kwanza, yeye akiwa bado anataka ridhaa yetu.

Na ridhaa hiyo si hisani. Imo katika Sheria. Madini yote ni mali ya Jamhuri, na kokoto zimo katika madini ya ujenzi. Anayezichimba hana budi kuwa na leseni. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema mwenye leseni asichimbe ndani ya mita 200 za nyumba ya watu, wala ndani ya mita 50 za shamba lililolimwa, bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Ndugu zetu, lishikeni neno hilo: maandishi. Pombe aliyonunuliwa mzee kilabuni si ridhaa. Wala mtu asitie dole gumba katika karatasi ambayo hakusomewa.

Tena tuwe watu wa haki. Sheria hiyo hiyo yaipa Serikali nafasi ya kuamua, ikiwa mkaaji anakataa bila sababu ya maana. Kwa hiyo neno "hatutaki" peke yake halitoshi. Twende na masharti yetu mkononi, nayo ni haya.

Kwanza, tuonyeshwe ramani yenye mpaka wa machimbo, nyumba, visima na njia ya malori. Eneo lichimbwe kwa sehemu. Ya kwanza ikiisha ifukiwe wakati ya pili inachimbwa.

Pili, udongo wa juu utolewe kwanza na kuwekwa kando, usichanganywe na mawe wala usiuzwe. Huo ndio wenye mbegu na rutuba. Ukipotea, hata shimo likifukiwa, hapataota kitu cha maana.

Tatu, saa za kazi na za kulipua baruti zijulikane. Nyufa za nyumba zikaguliwe na kuandikwa kabla ya mlipuko wa kwanza, pasiwe na ubishi baadaye. Njia ya malori imwagiwe maji.

Nne, kingo za shimo zilazwe hadi ng'ombe aweze kupanda, maji yapate mtaro, udongo urudishwe, miti ipandwe.

Tano, fedha za kazi hiyo ziwekwe akiba kwa kila lori linalotoka, zisingojwe mwisho.

Wapo watakaosema kwamba ardhi iliyochimbwa imekufa. Si kweli. Kule Bamburi, Mombasa, mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Zilijaribiwa aina 26, zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwamo. Majani ya mvinje hayakuoza upesi; wakaletwa majongoo, wakayala, na mavi yao yakawa udongo. Leo pale pana msitu, na watu hulipa kiingilio ili wautazame.

Wala tusiende mbali. Shinyanga ilikatwa miti hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukafanya kazi hadi 2004. Dawa yake kubwa ilikuwa ngitili, desturi yetu ya kuacha malisho yapumzike wakati wa mvua, ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate chakula kiangazi. Miti ikaota tena. Ilifaulu kwa kuwa dagashida iliweka masharti, na aliyeyavunja alitozwa faini. Shimo lililofukiwa nalo lataka ngitili yake: mifugo isiingie mpaka majani yashike.

Mwaka 1958 watu wa Geita walikwenda Mwanza kwa wingi kukataa Halmashauri ya Wilaya ambayo wakoloni waliwapangia pasipo ridhaa yao. Heshima ile tusiiuze kwa bei ya lori moja la kokoto.

Twaomba basi kila mtaa uchague kamati ya watu watano, akina mama wakiwamo, waijue ramani, wayashike maandishi, na walitembelee shimo kila mwezi. Atakayekubali masharti tumkaribishe, tumpe na vijana wa kufanya kazi. Asiyeyataka tumwulize mbele ya watu wote: siku utakapoondoka, shimo hili unamwachia nani?