Mangaribi ya Jamaa: maneno ya katekista siku ya yubile



Tumeombwa kusema juu ya jamaa za wakristu katika sikukuu hii ya yubile. Wengine wamekwisha kusimulia habari za matofali ya kanisa, za kengele, na za mapadri wa kwanza waliotufikia kwa njia ya ziwa. Sisi tutasema juu ya mkeka na taa, yaani juu ya mangaribi moja katika juma ambayo baba, mama na watoto wanaiweka kando, wasiende popote, wale pamoja, wasali, waongee.

Jambo hili si geni. Mtaguso Mkuu wa Vatikano II, katika andiko lake juu ya Kanisa la mwaka 1964, uliita jamaa kama Kanisa la nyumbani, na wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II aliyarudilia mafundisho hayo mwaka 1981, nyuma ya sinodi ya maaskofu juu ya jamaa. Sisi makatekista tumeyafundisha maneno haya miaka mingi. Kuyafundisha si kazi ngumu.

Tuungame mbele yenu. Nyumbani mwetu tulichagua siku ya nne, kwa kuwa mangaribi ya siku hiyo Bwana wetu alikula karamu ya mwisho pamoja na wafuasi wake. Tulianza vibaya. Tulisimama mbele ya watoto, kitabu mkononi, kama vile katika darasa la wakatekumeni, tukauliza, wakajibu, aliyekosa tukamgombeza. Mdogo akasinzia, wakubwa wakatazama mlango. Juma la tatu mama wa watoto akatuambia kwa upole: «Baba, hapa si darasa. Keti nawe.» Tukaketi. Tangu siku ile desturi yetu ni hii: kwanza chakula, sahani moja kwa wote, kisha fungu fupi la Evanjili, akilisoma mtoto, kisha kila mmoja anasema habari za juma lake, akianza mdogo, baba akiwa wa mwisho, nyuma yake fungu moja la rozari. Baba kunyamaza mpaka mwisho, hilo ni gumu kupita mfungo wa Kwarezima!

Mangaribi moja, zamu ya kijana wetu mkubwa ilipofika, alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba nguo zake zilikuwa tayari ndani ya mfuko, na kwamba siku ya posho angefuatana na wenzake kwenda kwenye machimbo ya zahabu. Hasira ikatupanda. Lakini zamu ya baba haikuwa imefika. Mama yake akamwuliza sababu. Akajibu ya kuwa dada yake mdogo alifukuzwa shuleni kwa ajili ya feza ya masomo, naye hakuona mtu mwingine wa kuitafuta.

Ndugu, tulikuwa tukipita kila siku vijijini kufundisha watoto wa wengine, na hatukujua kwamba binti yetu hasomi. Alikuwa akijificha kwa shangazi yake mpaka saa za masomo zipite, asituhuzunishe. Usiku ule hatukupata jibu. Tulisali, tukalala na uzito. Juma lililofuata tuliongea tena, tukauza mbuzi wawili. Binti akarudi shuleni, ingawa miezi mitatu ilikuwa imepotea. Kijana akamaliza mwaka wake wa sita. Nguo zake zilitoka mfukoni polepole, wala si siku moja.

Wavuvi watasema: «Sisi tunavua usiku kwa taa, na ndakala hawangoji siku ya nne.» Ni kweli. Lakini mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wake unashinda ule wa taa, ndakala hawakusanyiki, na mitumbwi inalala ufukoni. Basi mvuvi ahesabu kwa mwezi. Na katika majuma ya giza, jamaa yake wakutane mchana, wakati nyavu zinapokauka. Mjane ana jamaa vilevile. Mama mzee anayelea wajukuu waliotawanywa na vita ana jamaa, na mangaribi hiyo inamhusu kuliko sisi.

Wengine watasema: «Tayari tuna shirika.» Tangu mwaka 1961, maaskofu wa Kongo walipochagua njia ya jumuiya hai, shirika limetulea, nasi hatutalibomoa. Lakini tuhesabu: siku ya pili shirika, siku ya tatu Legio ya Maria, siku ya nne kwaya, siku ya tano baraza la parokia, siku ya posho Kiro na Xaveri. Mkristu mwenye bidii kuliko wote, watoto wake humwona siku ya Mungu tu, kanisani. Hapa kosa si la shetani peke yake.

Basi, mababa mapadri, ombi letu la yubile ni moja: parokia isiweke mkutano wowote mangaribi ya siku ya nne. Tumekwisha kuongea na mwalimu wa kwaya. Amekunja uso, lakini amekubali. Na ninyi mapadri, siku hiyo mkubali kualikwa, mketi mkekani, nanyi mngoje zamu yenu.